Mtoto Haachi Kukohoa: Lini Apimwe Kingamwili, na Majibu Yasomweje

Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye afya njema kabisa anaweza kushikwa na mafua na kikohozi mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Anayeshinda kituo cha kulelea watoto, au anayelala chumba kimoja na kaka na dada wanaokwenda shule, anaweza kufikisha mara 10 au zaidi. Kila mafua hukaa siku 7 hadi 10, na kikohozi chake kinaweza kuendelea mpaka wiki ya tatu. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika miezi ya mvua na baridi mtoto wa namna hii anaweza kuwa na makamasi karibu nusu ya siku zake, na bado mwili wake hauna kasoro yoyote. Mzazi anayeuguza mfululizo haioni hesabu hiyo. Huanza kuuliza, "Mwanangu hana kinga?", na majibu humjia upesi kutoka kila upande: mpe dawa ya kuongeza kinga, mpeleke akakatwe kimeo, mpime damu.

Mwongozo huu unatetea jibu jingine. Kipimo cha kingamwili ni kipimo kizuri, na kwa watoto wachache huokoa maisha. Lakini namba inayotoka maabara haisemi kitu mpaka isomwe pamoja na mambo mawili: umri wa mtoto na historia ya maradhi yake. Umri upo kwenye kadi ya kliniki. Historia unayo wewe mzazi, na usipoileta, hakuna mashine itakayoigundua.

Kwanza elewa: kingamwili za mtoto hutoka wapi

Kingamwili ni protini za damu na ute ambazo mwili hutengeneza ili kuvitambua vijidudu na kuvizuia. Katika fomu ya maabara utakutana na aina tatu kuu. IgG ndiyo iliyo nyingi zaidi katika damu, na ndiyo inayolinda hasa dhidi ya bakteria wa nimonia na masikio. IgA hukaa zaidi katika ute wa pua, koo na utumbo. IgM hutangulia kutengenezwa kila kijidudu kipya kinapoingia.

Mtoto mchanga hazaliwi mtupu. IgG ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza miezi tisa huzaliwa na kiwango kinacholingana na cha mama au kukipita kidogo. Njiti hupata pungufu. Akiba hiyo haidumu. Hupungua kwa nusu takriban kila wiki tatu, na wakati huohuo mwili wa mtoto ndio kwanza unajifunza kutengeneza ya kwake. Hivyo kati ya mwezi wa 3 na wa 6 kila mtoto hupita kwenye kipindi ambacho IgG yake iko chini kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Maziwa ya mama humwongezea IgA inayolinda koo na utumbo, lakini hayapandishi IgG ya damu. Baada ya hapo kila aina hupanda kwa mwendo wake: IgM hukaribia kiwango cha mtu mzima kwenye mwaka wa kwanza au wa pili, IgG hufikia katika umri wa shule ya msingi, na IgA huchelewa mpaka karibu na balehe.

Kutokana na maelezo hayo yanafuata mambo matatu utakayoyahitaji huko mbele. La kwanza, mtoto mwenye upungufu wa kweli wa kingamwili kwa kawaida huonekana mzima miezi ya mwanzo, kisha maambukizi mazito huanza akiba ya mama inapokwisha, yaani kuanzia miezi sita hivi. La pili, kiwango ambacho kwa mtu mzima ni hatari, kwa mtoto wa miezi mitano kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. La tatu, kipimo cha haraka cha VVU kinachotafuta kingamwili hakiwezi kuthibitisha maambukizi kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kwa sababu huenda kinazipima kingamwili za mama. Umri huo huhitaji kipimo cha PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe.

Usihesabu mafua tu; tazama aina ya maambukizi

Wazazi wengi wakifika kwa daktari husema, "Ameugua mara kumi mwaka huu." Idadi hiyo ina maana ndogo kuliko wanavyodhani. Mtoto aliyepata mafua kumi, akapona kila moja bila kulazwa, anacheza, anakula na uzito wake unapanda kwenye mstari wake wa kadi, anatuonyesha kinga inayofanya kazi: kila mara amepambana na kirusi kipya na ameshinda. Mtoto aliyeugua mara tatu tu, lakini mara mbili ikawa nimonia iliyohitaji sindano za mshipa na ya tatu usaha sikioni usiokauka, anatuonyesha jambo tofauti kabisa. Kinachotofautisha ni uzito wa ugonjwa, kijidudu kilichohusika, mtoto alivyopona, na hali yake katikati ya ugonjwa mmoja na mwingine.

Wakfu wa Jeffrey Modell wa Marekani umesambaza orodha ya dalili kumi za tahadhari inayotumika katika nchi nyingi. Hapa chini zimeelezwa kwa lugha ya nyumbani.

> KISANDUKU CHA 1: Dalili za kumtilia mtoto shaka ya upungufu wa kinga
>
> ☐ Maambukizi mapya ya sikio mara 4 au zaidi ndani ya mwaka mmoja
> ☐ Maambukizi makali ya matundu ya mifupa ya uso (sainasi) mara 2 au zaidi ndani ya mwaka
> ☐ Nimonia mara 2 au zaidi ndani ya mwaka
> ☐ Antibiotiki kwa miezi 2 au zaidi bila nafuu ya maana
> ☐ Kuhitaji antibiotiki za mshipa ndipo apone
> ☐ Kutoongezeka uzito au kutokua kama inavyotakiwa
> ☐ Majipu makubwa ya ngozi au ya ndani yanayorudi
> ☐ Fangasi ya mdomo au ngozi isiyoisha baada ya kutimiza mwaka mmoja
> ☐ Maambukizi mazito ya ndani mara 2 au zaidi, kama ya damu au uti wa mgongo
> ☐ Ndugu wa damu mwenye upungufu wa kinga wa kuzaliwa
>
> Ukiweka alama kwenye mistari miwili au zaidi, zungumza na daktari wa watoto kuhusu vipimo vya kinga.

Dalili hizi hazina uzito sawa. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 uliona kwamba tatu ndizo zilizosaidia zaidi kuwatambua watoto wenye tatizo la kweli: historia ya familia, kuhitaji antibiotiki za mshipa, na kutokua vizuri. Kwetu Afrika Mashariki swali la familia huulizwa vibaya, kwa sababu ndugu mwenye ugonjwa huo pengine alifariki bila kupewa jina la ugonjwa. Basi usijiulize tu kama yupo aliyeambiwa ana upungufu wa kinga. Uliza kama upande wa mama kuna watoto wa kiume waliofariki wadogo kwa homa au kifua. Upungufu mmoja mkubwa wa kingamwili hubebwa na mama bila yeye kuugua, ukawapata wanawe wa kiume.

Hatua za kufuata kabla ya kutoa damu

Vipimo hivi havipo zahanati. Hupatikana hospitali kubwa na maabara chache za mijini, na bei yake si ndogo. Sababu zilizo za kawaida zaidi hutangulia, na nyingi hupimwa kwa bei nafuu au bure.

1. Anza daftari leo. Kwa kila ugonjwa andika tarehe ya kuanza na ya kuisha, joto la mwili kama lilipimwa, alichoandika mhudumu (mafua, sikio, nimonia), picha ya kifua kama ilipigwa, dawa aliyopewa na siku alizoitumia. Mstari kama "Machi 4 hadi 19, nimonia upande wa kulia, alilazwa siku 5, sindano" una faida kuliko maelezo ya nusu saa.

2. Kagua kadi ya chanjo. Tanzania na Kenya chanjo ya pentavalenti na ile ya nimonia (PCV) zimo kwenye ratiba ya mtoto mchanga, na ya surua-rubela hutolewa miezi 9 na 18. Dozi iliyorukwa inaweza kueleza nimonia bila kuhitaji kasoro ya kinga. Kadi hiyo pia itahitajika baadaye, kama utakavyoona.

3. Pima VVU kwa kipimo kinachofaa umri wake. Jambo la kukumbuka: mtoto mwenye VVU mara nyingi huwa na IgG ya juu, lakini kingamwili hizo nyingi hazimlindi ipasavyo. Ukianza na IgG ukafurahia namba kubwa, umekosea njia.

4. Ulizia kifua kikuu. Je, kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa wiki mbili au zaidi? Watoto wengi huambukizwa na mtu wanayeishi naye.

5. Fikiria pumu. Kikohozi cha usiku, kubanwa kifua na kupiga miluzi kila mafua yanapoingia, hasa kwa mtoto mwenye ukurutu au wazazi wenye pumu, mara nyingi huandikwa "nimonia" tena na tena.

6. Ondoa moshi. Jiko la kuni au mkaa ndani ya nyumba na sigara huziumiza njia za hewa za mtoto. Hamishia jiko nje au kwenye banda lenye upepo, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika.

7. Pima lishe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa mkono unaosoma chini ya sm 11.5 ni utapiamlo mkali, na peke yake unatosha kudhoofisha kinga.

8. Ulizia selimundu na kitu alichopaliwa nacho. Selimundu huongeza hatari ya maambukizi mazito ya bakteria. Nimonia inayorudi mahali palepale pa pafu inaweza kuwa punje ya karanga iliyonasa kwenye njia ya hewa, na hiyo haionekani katika kipimo chochote cha damu.

Siku ya kipimo

Ikiwa sababu hizo zimekataliwa na Kisanduku cha 1 bado kina alama, hapo kipimo kina kazi. Daktari akimwangalia mtoto, atamulika pia koo na kupapasa shingo: mtoto wa miaka miwili aliyeugua mara nyingi anatarajiwa kuwa na tonsili zinazoonekana na tezi ndogo shingoni. Zikikosekana kabisa, shaka huongezeka.

1. Anza na picha nzima ya damu, ukiomba idadi ya limfosaiti itazamwe kwa kiwango cha umri wake.
2. Tumia dokezo la bei nafuu. Protini yote ya damu ukiitoa albumini hubaki globulini, na kingamwili ni sehemu yake kubwa. Globulini ndogo mno ni sababu nzuri ya kuendelea.
3. Pima IgG, IgA na IgM kwa pamoja, si moja tu.
4. Mwambie daktari kama mtoto aliongezewa damu au kupewa kingamwili miezi ya karibuni. Kinachopimwa kinaweza kuwa cha mchangiaji.
5. Taja dawa anazotumia, hasa za steroidi na za kifafa, ambazo baadhi yake huweza kushusha viwango. Taja pia kuvimba uso na miguu au kuhara kwa muda mrefu, kwa kuwa protini huweza kupotea kwa njia ya mkojo au utumbo.
6. Uliza kuhusu kipimo cha mwitikio wa chanjo. Hupima kama mtoto alitengeneza kingamwili dhidi ya pepopunda au nimonia baada ya kuchanjwa. Ndiyo maana kadi inahitajika: bila kujua alichanjwa lini, majibu hayafasiriki.

Jinsi ya kusoma karatasi ya majibu

Chukua mfano wa karatasi yenye mstari huu: IgG 3.2 g/L, pembeni herufi L ya kuonyesha "chini", na kiwango cha kawaida kimechapishwa 6 hadi 16. Mzazi akiuona huanguka moyo. Lakini 6 hadi 16 ni kiwango cha mtu mzima; mashine haikuulizwa mgonjwa ana umri gani. Kwa mtoto wa miezi mitano, 3.2 iko ndani ya kawaida. Namba hiyohiyo kwa mtoto wa miaka sita ingekuwa upungufu wa kweli. Tazama pia kizio kilichotumika: maabara nyingine huandika mg/dL, na hapo 320 ni sawasawa na 3.2 g/L. Wapo wanaolinganisha majibu ya maabara mbili wakadhani kingamwili zimepanda mara mia.

> KISANDUKU CHA 2: Maana ya kawaida ya majibu
>
> Zote ziko sawa kwa umri, mwitikio wa chanjo mzuri: kingamwili haziko kwenye lawama. Rudi kwenye pumu, moshi, kifua kikuu na maumbile ya njia za hewa.
>
> IgG chini kidogo, mtoto mdogo, anakua vizuri na mwitikio wa chanjo upo: mara nyingi ni uchelewaji wa muda. Hurudiwa kupimwa baada ya miezi kadhaa. Wengi huwa sawa kati ya miaka 2 na 4.
>
> IgA peke yake iko chini: haithibitishwi kuwa upungufu wa kudumu kabla ya miaka 4, kwa sababu IgA huchelewa kupanda. Wengi wenye hali hii hawaugui hata kidogo.
>
> Zote tatu chini sana au hazipo: ni jambo la haraka. Mtoto aonwe na daktari bingwa bila kungoja miadi ya mbali.
>
> IgG juu sana: si ishara ya kinga imara. VVU na maambukizi sugu yatafutwe.

"Kwa nini asipimwe kila mtoto, tuwe na uhakika?"

Hoja hii ina mvuto, lakini haizingatii jinsi kiwango cha kawaida kinavyopatikana. Maabara hupima watu wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati kuwa "kawaida". Maana yake, katika kila watoto wazima 100, kama wawili au watatu huangukia chini ya mstari bila ugonjwa wowote. Ukipima aina tatu kwa pamoja, nafasi ya kukuta moja imepungua huongezeka. Ukiwapima watoto wote wenye makamasi, utawatia wasiwasi wazazi wengi wa watoto wazima kabla ya kumpata mmoja mwenye tatizo. Historia nzuri hubadilisha hesabu hiyo: kwa mtoto mwenye nimonia mbili na uzito uliosimama, namba iliyo chini huaminika zaidi.

Wapo wanaosema kinyume: magonjwa haya ni nadra, tiba yake ni ghali, basi kupima kuna faida gani hapa kwetu? Ni kweli kwamba ni nadra, lakini unadra unaoonekana unatokana pia na kutopima. Mtoto aliyefariki kwa nimonia huandikwa nimonia. Na faida ya kujua haingoji tiba kamili. Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza habari za mvulana wa miaka minane aliyerudiwa mno na maambukizi na ambaye damu yake haikuwa na kingamwili zinazopimika. Alimpa sindano za kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya wengine, na maambukizi yakakoma. Tiba hiyo bado ndiyo msingi leo, kwa kawaida kwa dripu kila wiki 3 au 4, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Pale inapokosekana au isipomudika, jina la ugonjwa bado hubadilisha mengi: homa hutibiwa mapema, daktari anaweza kuweka antibiotiki za kuzuia, chanjo zenye vijidudu hai kama ya matone ya polio huangaliwa upya, na mtoto atakayefuata hupimwa kabla hajaugua. Kuchelewa kuna gharama isiyorudishika, kwa sababu nimonia zinazojirudia huweza kuharibu njia za hewa moja kwa moja.

Makosa ya kuepuka

- Kukata kimeo. Hakitibu kikohozi. Huleta kuvuja damu na maambukizi, na wembe unaotumiwa kwa watoto kadhaa unaweza kusambaza VVU na homa ya ini.
- Antibiotiki kwa kila mafua. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Dawa ya nusu dozi kutoka duka la dawa pia huficha kijidudu ambacho daktari angekitafuta.
- Dawa za "kuongeza kinga". Hakuna sharubati inayomfanya mtoto asiyetengeneza kingamwili aanze kuzitengeneza. Fedha hiyo inunue mayai, dagaa na maharage.
- Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na spora za bakteria wanaotengeneza sumu hatari tumboni mwa mtoto wa umri huo.
- Kusimamisha chanjo kwa uamuzi wako. Daktari ndiye aseme ipi isubiri. Nyingine zote ziendelee.

> KISANDUKU CHA 3: Usingoje kipimo, nenda hospitali sasa
>
> Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, weka saa ya simu, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi ni za haraka zikifika:
> - 60 au zaidi, chini ya miezi 2
> - 50 au zaidi, miezi 2 hadi kabla ya 12
> - 40 au zaidi, miezi 12 hadi miaka 5
>
> Nenda pia haraka ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anakoroma kwa kuvuta hewa ilhali ametulia.

Maswali matatu kabla ya kutoka kwa daktari

Uwe na daftari, kadi ya chanjo, picha za kifua na majibu yote ya zamani kwenye bahasha moja. Kisha uliza: Je, kiwango mlicholinganisha nacho ni cha umri wake? Je, namba hii inaendana na historia niliyoleta, au inapingana nayo? Na kama tunasubiri, tunarudia lini, na ni dalili gani itanirudisha kabla ya siku hiyo? Andika majibu palepale. Daktari akikuambia mtoto ni mzima na majibu hayo matatu yapo wazi, una haki ya kumwamini na kumwacha mtoto akacheze na makamasi yake. Ikiwa hayapo wazi na alama za Kisanduku cha 1 zinaongezeka, omba rufaa.